Ipi ni Kubwa? Kulinganisha Sehemu kwa Kuzitazama Kabla ya Kuzikokotoa

Mpe mwanafunzi sehemu mbili, tuseme 3/4 na 7/9, umwombe akuambie iliyo kubwa, na kwa kawaida atakimbilia njia moja tu: atazidisha 3 kwa 9 apate 27, atazidisha 7 kwa 4 apate 28, ataandika alama ya < katikati, kisha ataendelea na swali linalofuata. Jibu lake ni sahihi. Ila ukimwuliza hiyo 27 ni ishirini na saba ya kitu gani, na kwa nini inawekwa upande wa 3/4 na si upande wa 7/9, mara nyingi hana la kusema. Amepata jibu bila kuziona sehemu zenyewe. Mimi nafundisha hisabati na kuwaandaa walimu wanaoifundisha, na jambo hili linanigusa sana, kwa sababu ulinganishaji wa sehemu ndipo mahali ambapo mwanafunzi huonyesha wazi kuliko popote kama anaielewa sehemu kuwa ni namba au anaiona kuwa ni tarakimu mbili zilizotenganishwa na mstari.

Nitumie maneno tuliyozoea darasani: namba ya juu ni kiasi, namba ya chini ni asili. Ninalotaka kulieleza ni kwamba kulinganisha sehemu mbili ni kazi ya kuchagua kitu kimoja cha kukishikilia kisibadilike, ili kile kinachobaki kiweze kusema chenyewe. Unaweza kuzifanya asili ziwe sawa, unaweza kuvifanya viasi viwe sawa, unaweza kuzipima sehemu zote mbili kutoka kwenye namba unayoijua vizuri kama nusu au moja, na unaweza kuondoa namba nzima zilizo sawa ukabaki na mabaki tu. Kuzidisha kwa mkingamo, yaani ile njia ya mwanafunzi wetu ya 3 mara 9 na 7 mara 4, ni mojawapo ya uchaguzi huo, wala hakuna ubaya wowote ndani yake. Ubaya huingia pale kinapokuwa chombo pekee ambacho mwanafunzi anacho.

Chanzo cha makosa mengi ni kwamba sehemu hutufikia baada ya miaka kadhaa ya kuishi na namba nzima. Mtoto amejifunza, tena kwa haki, kwamba 8 ni kubwa kuliko 5, kwa hiyo akikutana na 1/8 na 1/5 anaona 8 na 5 na kutoa hukumu ile ile. Hukumu hiyo ina mantiki yake, nayo haifutiki kwa kuambiwa "kumbuka kwamba kwenye sehemu mambo hugeuka", kwani kanuni ya namna hiyo hukaririwa upande huu na kupotoshwa upande wa pili: baada ya muda utamkuta mwanafunzi huyo huyo akidai kwamba 5/8 ni ndogo kuliko 3/7 kwa sababu namba zake ni kubwa zaidi. Kinachofuta kosa hilo ni kuifikiria asili kwa kazi yake. Asili inasema kizima kimegawanywa mara ngapi, na kizima kile kile kikigawanywa mara nyingi zaidi, kila kipande kinakuwa kidogo zaidi. Kiasi nacho kinasema vipande vingapi vimechukuliwa. Basi sehemu inajibu maswali mawili kwa mpigo, ukubwa wa kipande na idadi ya vipande, na thamani yake haijulikani mpaka majibu yote mawili yasomwe pamoja.

Ushahidi wa jinsi usomaji huo wa pamoja ulivyo mgumu ni wa zamani na unajulikana sana miongoni mwetu tunaoshughulika na ufundishaji wa hisabati. Katika tathmini ya kitaifa ya elimu iliyofanyika Marekani mwaka 1978, wanafunzi wa umri wa miaka 13 waliombwa wakadirie jumla ya 12/13 na 7/8, bila kukokotoa, wakapewa majibu manne ya kuchagua: 1, 2, 19 na 21. Waliochagua 2 walikuwa asilimia 24 tu, na zaidi ya nusu walichagua ama 19 ama 21. Anayechagua 19 amejumlisha viasi, anayechagua 21 amejumlisha asili, na wote wawili hawakuona kwamba kila moja ya sehemu zile ni ndogo kidogo tu kuliko 1. Swali lilikuwa la kujumlisha, lakini walichokikosa ni ulinganishaji: 12/13 imekaa wapi ukiilinganisha na 1?

Asili zikiwa sawa hakuna mengi ya kusema. Vipande ni vya ukubwa mmoja, kwa hiyo tunahesabu vipande, na 5/9 inaizidi 4/9 kama vile vitu vitano vinavyovizidi vinne vya aina ile ile.

Viasi vikiwa sawa ndipo penye utajiri, na nadhani vitabu vyetu vya shule hupapita haraka mno. Kati ya 4/7 na 4/9, idadi ya vipande ni ile ile, kwa hiyo swali lote linahamia kwenye ukubwa wa kipande, na kwa kuwa 1/7 ni kubwa kuliko 1/9, basi 4/7 ni kubwa kuliko 4/9. Njia hii haihitaji hesabu yoyote, nayo inafanya kazi hata pale viasi visipofanana mwanzoni, mradi vinaweza kufananishwa kwa urahisi. Chukua 3/17 na 2/11. Kutafuta asili ya pamoja kutakupeleka kwenye 187, lakini kufananisha viasi kunakupeleka kwenye 6 tu: 3/17 ni sawa na 6/34, na 2/11 ni sawa na 6/33. Vipande sita vya 1/33 vinavizidi vipande sita vya 1/34, kwa hiyo 2/11 ni kubwa, na tena unaona papo hapo kwamba imezidi kidogo sana.

Watu waliolinganisha sehemu kwa namna hii tangu kale walikuwa na sababu nzuri ya kufanya hivyo. Waandishi wa Misri ya kale waliandika sehemu zao karibu zote kwa kiasi cha 1, isipokuwa 2/3 iliyokuwa na alama yake, na sehemu nyingine walizivunja kuwa majumlisho ya sehemu za namna hiyo. Katika mafunjo yaliyonakiliwa na mwandishi Ahmes yapata mwaka 1550 KK, ambayo leo huitwa mafunjo ya Rhind, kuna jedwali linalovunja 2 iliyogawanywa kwa namba witiri kuanzia 3 hadi 101, na humo 2/5 imeandikwa kuwa 1/3 na 1/15. Uandishi huo unaweza kuonekana mzito, lakini kwa kazi ya kulinganisha una faida iliyo dhahiri. Tukivunja 3/8 kwa mtindo huo huo tunapata 1/3 na 1/24. Sasa linganisha 2/5 na 3/8: zote mbili zina theluthi moja, ya kwanza ikaongeza 1/15 na ya pili ikaongeza 1/24, kwa hiyo 2/5 ni kubwa. Tofauti imetengwa na kuwekwa mbele ya macho, na hakuna asili ya pamoja iliyotafutwa.

Mfano ninaoupenda zaidi wa viasi vilivyo sawa unatoka kwa Archimedes, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale. Katika karne ya 3 KK alionyesha, kwa kutumia poligoni zenye pande 96 zilizochorwa ndani na nje ya duara, kwamba uwiano wa mzingo kwa kipenyo ni mdogo kuliko 3 na 1/7, na ni mkubwa kuliko 3 na 10/71. Ukizitazama namba hizo mbili jinsi zilivyo, ukaribu wake haujitokezi. Lakini andika 1/7 kuwa 10/70, na mipaka miwili inakuwa 3 na 10/71 upande wa chini, 3 na 10/70 upande wa juu. Kiasi ni 10 pande zote mbili, asili zimepishana kwa 1 tu, na mtu anaona mara moja jinsi nafasi kati ya mipaka ilivyo nyembamba. Karne kadhaa baadaye, katika karne ya 5 BK, mwanahisabati wa China Zu Chongzhi alitoa makadirio ya 355/113 kwa uwiano huo huo, ambayo ni 3 na 16/113. Je, ni ndogo au kubwa kuliko 22/7 iliyozoeleka shuleni? Andika 1/7 kuwa 16/112. Kiasi tena ni kimoja, asili zimepishana kwa 1, na jibu linajieleza: 355/113 ni ndogo kidogo kuliko 22/7.

Njia inayofuata ni ya vigezo. Nusu na moja ni namba ambazo kila mtu anazijua zilipo kwenye mstari wa namba, na sehemu nyingi hutulinganishia zenyewe mara tu zinapopimwa kutoka hapo. Kipimo cha nusu ni chepesi: ongeza kiasi mara mbili ukitazame dhidi ya asili. Kwa 4/9, mara mbili ya 4 ni 8, haijafika 9, kwa hiyo 4/9 iko chini ya nusu. Kwa 6/11, mara mbili ya 6 ni 12, imepita 11, kwa hiyo iko juu ya nusu. Basi 6/11 ni kubwa, na hakuna aliyezidisha 4 kwa 11. Ikiwa sehemu zote mbili ziko upande mmoja wa nusu, tazama zimekaa mbali nayo kiasi gani. Kati ya 5/9 na 8/15, ya kwanza imeizidi nusu kwa nusu ya 1/9, yaani 1/18, na ya pili imeizidi kwa nusu ya 1/15, yaani 1/30. Ya kwanza ni kubwa.

Kwa sehemu zilizo karibu na 1, tunapima kile kinachopungua. Sehemu ya 11/12 imepungukiwa 1/12 ili ifike 1, na 14/15 imepungukiwa 1/15. Pungufu la 14/15 ni dogo, kwa hiyo 14/15 imeikaribia moja zaidi, na ndiyo kubwa. Hapa mwanafunzi anatakiwa kugeuza fikra mara mbili: asili kubwa inafanya kipande kiwe kidogo, na pungufu dogo linafanya sehemu iwe kubwa. Nimeona kwamba wanaoyumba hapa karibu kila mara wameruka mojawapo ya hatua hizo mbili, na dawa yake ni kuwaandikisha sentensi nzima, "imepungukiwa sehemu moja ya kumi na mbili", badala ya kuwaachia mshale na alama.

Lakini njia ya pungufu ina mtego, na huu ni mtego unaostahili kusimamiwa kwa muda mrefu kwa sababu mara nyingi hutoa jibu sahihi kwa sababu isiyo sahihi. Mwanafunzi anatoa kiasi kutoka kwenye asili na kulinganisha matokeo. Kwa 11/12 na 14/15 anapata 1 na 1, hivyo anasema sehemu hizo ni sawa. Kwa 5/7 na 7/9 anapata 2 na 2, na tena anasema ni sawa. Kwa 3/8 na 5/6 anapata 5 na 1, anasema 5/6 ni kubwa, nasi tunampa alama ya vema bila kujua kilichomwongoza. Kosa lake ni kuhesabu vipande vinavyopungua bila kuuliza vipande hivyo vina ukubwa gani. Katika 5/7 vinapungua vipande viwili vya 1/7, katika 7/9 vinapungua vipande viwili vya 1/9, na 2/9 ni ndogo kuliko 2/7, kwa hiyo 7/9 ndiyo kubwa.

Swali ninaloliona lina nguvu kuliko mengine yote katika kuufichua mtego huu ni lile lile la mwanzo, 3/4 na 7/9. Kwa kutoa, 3/4 imebakiwa na 1 na 7/9 imebakiwa na 2, hivyo anayefuata njia hiyo atasema 3/4 ni kubwa kwa uhakika kabisa, naye atakuwa amekosea: 3/4 imepungukiwa 1/4, ambayo ni 2/8, na 7/9 imepungukiwa 2/9. Sasa mapungufu yana kiasi kimoja, 2/9 ni ndogo kuliko 2/8, kwa hiyo 7/9 ndiyo iliyo karibu zaidi na moja. Mwalimu anayetaka kujua wanafunzi wake wanafikiri nini asiwape 3/8 na 5/6, bali awape jozi ambayo ndani yake njia potofu na njia sahihi zinatoa majibu tofauti. Jozi ya 2/3 na 5/7 inafaa kwa kazi hiyo hiyo.

Michoro nayo tusiitegemee kupita uwezo wake. Ukanda wa karatasi uliokunjwa unaonyesha vizuri sana kwamba theluthi ni kubwa kuliko robo, na kwa mtoto anayeanza sijui chombo kilicho bora zaidi. Lakini 3/4 na 7/9 zimepishana kwa 1/36 tu, na mkono wa mwanafunzi anayechora mstatili na kuugawanya mara tisa kwa makadirio unakosea zaidi ya hapo. Vilevile mchoro unamdai mchoraji vizima viwili vya ukubwa mmoja. Tunaposema nusu ni kubwa kuliko theluthi tunazungumzia namba, au sehemu za kizima kimoja. Theluthi ya kitu kikubwa inaweza kuizidi nusu ya kitu kidogo, na mwanafunzi aliyechora mistatili isiyolingana amelijibu swali jingine.

Tukifika sasa kwenye kuzidisha kwa mkingamo, tunaweza kukieleza ni nini. Asili za 3/4 na 7/9 zinaweza kufananishwa kwa kuzizidisha: 4 mara 9 ni 36. Sehemu ya 3/4 inakuwa 27/36, na 7/9 inakuwa 28/36. Ile 27 ya mwanafunzi wetu ni vipande ishirini na saba vya 1/36, na ile 28 ni vipande ishirini na nane vya 1/36. Kuzidisha kwa mkingamo ni kutafuta asili ya pamoja huku asili yenyewe ikiachwa bila kuandikwa, kwa sababu ikiwa ni moja pande zote mbili haina la kuongeza kwenye hukumu. Ndiyo maana zao la 3 na 9 linakaa upande wa 3/4: ndilo kiasi kipya cha 3/4. Mwanafunzi akilijua hilo hatachanganya pande tena, na hatahitaji mishale.

Asili ya pamoja haihitaji kuwa zao la asili mbili. Kwa 5/12 na 7/18, Kigawe Kidogo cha Shirika ni 36, na sehemu zinakuwa 15/36 na 14/36, namba ambazo kichwa kinazibeba bila taabu, wakati mkingamo unatoa 90 na 84. Kuna pia sharti ambalo husahaulika hadi namba hasi zinapoingia: mkingamo ni salama pale tu asili zote mbili zinapokuwa chanya. Ukiandika hasi nusu kuwa 1/(−2) na kuilinganisha na 1/3, mkingamo unatoa 3 upande wa kwanza na −2 upande wa pili, kana kwamba hasi nusu ni kubwa kuliko theluthi. Alama ya hasi ihamishwe kwanza kwenye kiasi. Na pale sehemu zote mbili zinapokuwa hasi, mpangilio unageuka: kwa kuwa 3/4 ni kubwa kuliko 2/3, basi −3/4 ni ndogo kuliko −2/3, kwani iko mbali zaidi upande wa kushoto wa sifuri. Alama zenyewe za < na > tunazozitumia zilichapishwa kwa mara ya kwanza katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot kilichotoka mwaka 1631, miaka kumi baada ya kifo chake. Watu walikuwa wamelinganisha sehemu kwa maelfu ya miaka bila alama hizo.

Nije kwenye njia ambayo haifundishwi mara nyingi, nami naiona ni nzuri kuliko zote pale namba zinapokuwa kubwa. Inahitaji mambo mawili tu: kutoa namba nzima iliyo sawa pande zote mbili, na kupindua sehemu. Kupindua sehemu mbili chanya kunageuza mpangilio wake. Iliyokuwa ndogo inakuwa kubwa. Sasa chukua 67/29 na 97/42. Ni sehemu guni, kwa hiyo tuzigeuze kuwa namba mchanganyiko: 67/29 ni 2 na 9/29, na 97/42 ni 2 na 13/42. Namba nzima ni 2 kwa zote, iache. Limebaki swali la 9/29 na 13/42. Zipindue: 29/9 ni 3 na 2/9, na 42/13 ni 3 na 3/13. Namba nzima ni 3 kwa zote, nayo iache. Zimebaki 2/9 na 3/13. Zipindue tena: 9/2 ni 4 na 1/2, na 13/3 ni 4 na 1/3. Hapa macho yanatosha, nusu ni kubwa kuliko theluthi, kwa hiyo 9/2 ni kubwa kuliko 13/3.

Tunarudi kwa kufuata njia tuliyojia, tukigeuza hukumu kila tulipopindua. Kwa kuwa 9/2 ni kubwa, 2/9 ni ndogo kuliko 3/13, na hivyo 29/9 ni ndogo kuliko 42/13. Kwa kuwa 29/9 ni ndogo, 9/29 ni kubwa kuliko 13/42, na hivyo 67/29 ni kubwa kuliko 97/42. Anayetaka kuhakiki kwa mkingamo atapata 67 mara 42, ambayo ni 2,814, na 97 mara 29, ambayo ni 2,813. Sehemu mbili zilizopishana kwa kipande kimoja tu kati ya 1,218 tumezitenganisha bila kuzidisha tarakimu mbili kwa tarakimu mbili, na swali likaishia kwenye nusu na theluthi. Hatua zenyewe ni zile zile za kugawanya na kuchukua baki ambazo Euclid, mwanahisabati mwingine wa Ugiriki ya kale, alizitumia kutafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika. Namba zinapungua kila hatua, kwa hiyo kazi lazima ifike mwisho.

Ulinganishaji una kazi nyingine ambayo ningependa kila mwalimu aitumie, nayo ni kukagua majibu ya kujumlisha. Kosa linalojulikana kuliko yote katika sehemu ni kujumlisha juu kwa juu na chini kwa chini: 1/2 jumlisha 1/3 inapewa jibu la 2/5. Badala ya kuandika alama ya kosa na kuelekeza kwenye kanuni, mwulize mwanafunzi kama 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko 1/2. Mara mbili ya 2 ni 4, haijafika 5, kwa hiyo 2/5 iko chini ya nusu. Alianza na nusu, akaongeza kitu, akabaki na pungufu ya nusu. Jibu limejikataa lenyewe, na mwanafunzi ameliona bila kuambiwa.

Tena kosa hili si la bahati nasibu. Ukijumlisha juu kwa juu na chini kwa chini, sehemu unayoipata daima huanguka katikati ya zile mbili ulizoanza nazo, maadamu zinatofautiana na asili zote ni chanya. Hapa 2/5 iko juu ya 1/3 na chini ya 1/2. Anayepata swali 1 kati ya 2 katika jaribio la kwanza, na swali 1 kati ya 3 katika jaribio la pili, amepata maswali 2 kati ya 5 kwa jumla, na matokeo ya jumla hayawezi kuwa bora kuliko jaribio lake zuri wala mabaya kuliko jaribio lake baya. Kwa hiyo tendo hilo ni potofu kwa kujumlisha, lakini ni sahihi kabisa kwa kutafuta sehemu iliyo kati ya sehemu nyingine mbili. Mfaransa Charles Haros alilitumia mwaka 1802, na mwaka 1816 Mwingereza John Farey aliandika kuhusu sifa yake ya kushangaza. Panga kwa ukubwa sehemu zote kuanzia 0 hadi 1 ambazo asili yake haizidi 5, kila moja ikiwa imerahisishwa: 0/1, 1/5, 1/4, 1/3, 2/5, 1/2, 3/5, 2/3, 3/4, 4/5, 1/1. Chagua yoyote ya katikati, jumlisha majirani zake juu kwa juu na chini kwa chini, na utapata hiyo hiyo baada ya kurahisisha. Majirani wa 2/5 ni 1/3 na 1/2. Majirani wa 1/2 ni 2/5 na 3/5, ambao wanatoa 5/10. Mwanahisabati Mfaransa Cauchy alitoa uthibitisho mwaka huo huo wa 1816.

Orodha hiyo ina jambo jingine ndani yake. Zidisha kwa mkingamo majirani wawili wowote, na mazao yatapishana kwa 1 kila mara: kwa 2/5 na 1/2 ni 4 na 5, kwa 3/5 na 2/3 ni 9 na 10. Mazao ya mkingamo ni namba nzima, kwa hiyo yakitofautiana hayawezi kupishana kwa chini ya 1, na maana yake ni kwamba sehemu mbili zisizo sawa haziwezi kukaribiana zaidi ya 1 iliyogawanywa kwa zao la asili zake. Hili linatupa jibu kwa wale wanaouliza kwa nini tusigeuze kila kitu kuwa desimali na kumaliza. Tunaweza, na kikokotoo kikiwa mkononi mara nyingi ndiyo njia ya haraka, ingawa hata huko mwanafunzi asiyejihadhari atasema 0.125 inaizidi 0.3 kwa sababu 125 inaizidi 3, au atachukua 0.333 kuwa ndiyo theluthi, wakati theluthi inaizidi kwa 1/3000. Swali ni tarakimu ngapi zinatosha baada ya nukta. Kwa 67/29 na 97/42, zao la asili ni 1,218, kwa hiyo sehemu hizo zinaweza kupishana kwa kiasi kidogo kama 1/1218, nasi tumeona kwamba ndivyo zilivyopishana. Anayeishia kwenye tarakimu mbili ataandika 2.31 kwa zote mbili na kusema ni sawa. Akienda hadi tarakimu nne atapata 2.3103 na 2.3095, na hapo tofauti inaonekana.